Niko Sawa, Kocha

Agosti 27. Jua kali, nyenje hawanyamazi.

"Mtoto hana mazoea mema mpaka aogope kuyavunja. Nipeni mabinti zenu miaka mitatu niwatie woga, nami nitawarudishia na mazoea ya maisha yote." Hayo ni maneno ya Kocha Kurihashi, aliyoyasema leo mbele ya wazazi wa klabu ya mbio ya wasichana. Wazazi waliinama kwa shukrani mpaka vipaji vya nyuso zao vikakaribia meza.

Nayapinga yote mawili. Woga haujengi zoea, unajenga mlinzi, na siku mlinzi akisinzia kila mtu anarudi kuwa alivyokuwa. Nimefundisha historia nusu ya maisha yangu, na historia imejaa watu waliosujudu asubuhi na kuichoma ikulu jioni. Zoea ni kile mtoto anachokifanya kocha akiwa hayupo. Hiyo ndiyo maana pekee ninayoikubali. Naiandika hapa kwa wino ili yeyote atakayetaka kunibana nayo anibane.

Sikuomba kazi hii. Msaidizi wa mkuu wa shule, Bwana Onodera, aliniita ofisini akaniambia klabu haina msimamizi wa pili, mwanamke, tangu mwenzetu wa hesabu aende likizo ya uzazi.

"Si kazi, Mwalimu Tadokoro. Ni kusimama na kushika taulo tu."

"Taulo naweza kulishika," nikamwambia. "Kunyamaza ndiko sijawahi kukuweza."

Akacheka sana. Alidhani natania.

Agosti 29

Leo nimeona ibada yao ya asubuhi. Saa kumi na mbili kamili, chumba cha klabu, dirisha moja. Kurihashi ameketi kwenye kiti cha kukunja, mgongo umenyooka, mikono magotini. Mbele yake mizani. Kila msichana anavua viatu, anapanda, anataja uzito wake kwa sauti mbele ya wenzake wote, anashuka, anainama na kusema: "Niko sawa, Kocha. Nipe kazi."

Aliyeongezeka hata kidogo haambiwi neno. Kurihashi anatazama tu koti la mvua lililotundikwa ukutani. Msichana analichukua mwenyewe, analivaa katika joto hili, anakwenda kukimbia ukingoni mwa mto hadi jasho litiririke mpaka kwenye soksi. Ndipo apate kifungua kinywa, kama bado ana hamu nacho.

Nahodha ni Kanoko Iwase, wa mwaka wa tatu. Miguu mirefu, maneno machache. Leo alikuwa wa kwanza mizanini, mwepesi kuliko wote, na wenzake wakamtazama kwa kijicho, kama watu wanavyomtazama mwenye vazi jipya.

Septemba 2

Mvua. Wote walisema wako sawa.

Septemba 3

Wote wako sawa. Klabu yenye afya kuliko zote duniani, na nusu yao wana midomo iliyopauka kama karatasi.

Septemba 5

Sitaki kuwa mtu wa kulalamika tu. Anayebomoa lazima ajenge. Kuanzia leo, baada ya mazoezi, wasichana wote wanapita chumba changu cha vifaa vya historia, katikati ya ramani za kale na tufe lililopasuka. Nimepika wali na kufinyanga matonge, ndani nimetia plamu ya chumvi, na supu ya miso, ya soya iliyochachushwa, iko kwenye chupa ya moto. Sharti ni moja: kila mmoja ajibu swali langu kabla ya kwenda darasani. Mwili unasema nini leo? Na jibu la "niko sawa" halipokelewi.

Wakatazamana.

"Mwili unakusalimu, Mwalimu," akasema mmoja, wenzake wakaangua kicheko.

"Wa kwangu unasema unataka mkate wa kari," akasema Chinatsu, mdogo kuliko wote, wa mwaka wa kwanza, mashavu bado ya kitoto. "Ule wa kukaangwa. Miwili."

"Chinatsu! Kesho utalivaa koti, shauri yako!"

"Nitalivaa nikiwa nimeshiba, dada."

Ni mara ya kwanza nawasikia wakicheka humu shuleni. Kanoko alicheka pia, kisha akaifunika midomo kwa kiganja. Tonge lake akalifunga kwenye karatasi laini. "Nitakula baadaye, Mwalimu. Asante kwa ukarimu wako."

Septemba 11

Chinatsu: "Kisigino kinavuta." Nikampa barafu. Wengine: hakuna.

Septemba 16

Wamezoea kuja. Wanakula. Wawili wamesema wamelala vibaya, mmoja kasema nyonga inauma akikaa. Nilijivuna. Nikafikiri: tazama, swali moja na wali kidogo, bila kumtisha mtu. Nilianza hata kutunga kichwani makala ya gazeti la mkoa.

Septemba 18

Kunguru ndio walionitoa ujinga. Nyuma ya ukumbi wa mazoezi wamekuwa wakikusanyika kila siku wakati uleule, kama wanafunzi waliosikia kengele. Leo nikaenda kutazama. Matonge yangu. Mengine yamefunguliwa vizuri, plamu imetolewa na kuliwa peke yake kwa sababu plamu haina uzito, wali ukaachiwa ndege.

Sikumgombeza mtu. Nilisimama pale na kunguru hawakuniogopa hata kidogo.

Septemba 22. Kimbunga.

Mazoezi yamefanyika ndani, kupanda na kushuka ngazi, madirisha yakitetemeka. Nimemwona Kanoko akishuka. Kupanda anapanda kama wenzake. Kushuka anageuka upande kama kaa, mkono kwenye reli, mguu wa kushoto anauweka taratibu kana kwamba ngazi ni ya moto.

Nikamngoja chini.

"Mguu huo una nini?"

"Niko sawa, Mwalimu."

"Jibu hilo kwangu halipiti."

Akatabasamu. "Basi mwili unasema hali ya hewa ni mbaya."

"Kanoko. Mara ya mwisho kupata siku zako ilikuwa lini?"

Uso ukamwiva. Akatazama nyuma kuona kama kuna mtu. "Mwaka wa kwanza ukielekea kwisha. Maua ya cheri yalikuwa hayajachanua."

Sasa yuko mwaka wa tatu.

"Mama anajua?"

"Mbona ni kawaida, Mwalimu. Dada wote waliotutangulia ilikuwa hivyohivyo. Ikikoma ndiyo unajua umekuwa mwanariadha." Alisema hivyo kwa sauti ileile ambayo wenzake huitumia kuniambia wamefaulu mtihani. Kisha akaongeza, akinong'ona: "Chinatsu bado anapata. Anaona aibu sana."



Septemba 24

Nilimfuata Kurihashi uwanjani. Alikuwa anaokota koni, moja moja, akizifuta tope.

"Msichana wako hajapata hedhi kwa zaidi ya mwaka mzima na mguu wake unamuuma. Mpeleke kwa daktari."

"Mwalimu Tadokoro," akasema bila kugeuka, "wewe umesoma vitabu vingi. Watu wote wanajua. Umewahi kukimbia?"

"Sijawahi."

"Basi."

"Na wewe umewahi kupata hedhi?"

Koni ikamponyoka. Masikio yakawa mekundu kama ya mtoto aliyekamatwa. Sikuondoka.

"Nimewalea wasichana tangu kabla Kanoko hajazaliwa," hatimaye akasema. "Wananiandikia kadi za mwaka mpya mpaka leo. Wanaamka alfajiri mpaka leo. Wanajizuia mpaka leo. Unajua watu wazima wangapi katika mji huu wanaweza kujizuia?"

"Wangapi kati ya wasichana wako hao wamepata watoto?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. Sidhani kama swali hilo lilikuwa limewahi kumpitia akilini.

Septemba 25

Bwana Onodera: "Hebu tulizungumze jambo hili baada ya mbio za Novemba, Mwalimu. Kwa utulivu." Juu ya kichwa chake, dirishani, mafundi walikuwa wanateremsha kitambaa kirefu kutoka paa la shule: SAFARI YA KYOTO. Mbio za mkoa, zinazompeleka mshindi Kyoto kwenye za taifa, hazijakimbiwa, kitambaa kimeshapakwa rangi.

Oktoba 1

Wanavuna mpunga. Harufu ya mabua yanayochomwa inaingia darasani. Wote sawa.

Oktoba 6

Nataka kuandika jambo ambalo sikupenda kuliona.

Nilifika mapema, giza halijatoka vizuri. Kwenye njia ya ukingo wa mto kulikuwa na mtu anafagia. Kurihashi, na ufagio wa mianzi, anaondoa kokoto, matawi ya kimbunga, maganda ya njugu za chestnut. Njia yote, mpaka kwenye daraja.

"Miaka ya nyuma msichana aliteleza kwenye kokoto hapa," akasema, kama anaomba radhi kwa kuonekana. "Tangu hapo nafagia."

"Kila siku?"

"Wanakimbia kila siku."

Nilikuwa na tonge moja mfukoni. Nikampa. Akainama, akakataa. Katika msimu wa mashindano, akasema, yeye hali mpaka jioni. "Wao wana njaa. Nitakulaje mimi?"

Nilitamani awe katili. Katili ningempiga kwa hoja akaanguka. Huyu anawapenda. Anawafagilia njia kwa mikono yake, anashinda na njaa pamoja nao, na hajawahi kujiuliza kwa nini kuwe na njaa. Sijui hoja gani inampata mtu wa namna hiyo. Nimepigana na watu wengi magazetini, na karibu wote walijua kwa siri wanapodanganya. Huyu hana siri yoyote.

Oktoba 9

Chinatsu: "Kisigino tena." Akapumzika siku nzima. Kurihashi hakumtazama. Wenzake nao hawakumtazama.

Oktoba 15

Mama yake Kanoko alikuja shuleni baada ya kazi. Anachambua matufaa kwenye ghala la ushirika, na mikono yake ilinukia matufaa. Alinipa mfuko umejaa, akaketi ukingoni mwa kiti.

"Mwalimu, nasikia unataka kumpeleka Kanoko hospitali."

"Nataka wewe umpeleke, mama Kanoko. Daktari Sugaya ana mashine ya kupiga picha mifupa. Ni shughuli ya asubuhi moja."

"Na picha ikionyesha kitu?"

"Atapumzika."

Akawa anauviringisha mpini wa mfuko kwenye kidole mpaka kidole kikawa cheupe. "Kuna timu ya kampuni ya nguo, ya Osaka. Mtu wao atakuja kuangalia mbio za mkoa. Wakimchukua ana kazi, ana bweni, ana maisha. Baba yake hayupo, unajua. Mimi na matufaa." Akainama kiasi kwamba sikuuona uso wake. "Mwache asiumwe mwezi mmoja tu. Mmoja, Mwalimu. Baadaye aumwe."

"Mfupa hausubiri tarehe."

"Yeye mwenyewe anasema yuko sawa."

"Anasema hivyo kwa sababu ndiyo kitu pekee tulichomfundisha kusema!"

Nilipaza sauti. Akasimama, akaomba radhi kwa kunisumbua, akaondoka. Matufaa yako mezani pangu. Ni mazuri. Siwezi kuyala.

Oktoba 16

Nilimwomba Kanoko mwenyewe twende, mimi na yeye, Jumamosi, kimyakimya.

"Nikienda wataona," akasema. "Wakiona, sitakimbia."

"Kwa hiyo unajua kuna kitu cha kuonekana."

Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. "Mwalimu, kila mtu ana kitu."

Oktoba 18

Nilimpigia Daktari Sugaya mwenyewe. Bila mzazi, akasema, hawezi kumgusa. Niliandika barua mbili, moja ya Bwana Onodera, moja ya ofisi ya elimu. Ya kwanza ilirudi na muhuri wa "Imesomwa". Ya pili haijarudi.

Oktoba 23

Persimoni zimeiva kwenye uzio wa shule na hakuna anayezichuma. Wote sawa.

Oktoba 24

Sawa.

Oktoba 27

Jalidi ya kwanza. Kanoko amepanda mizani, akataja uzito, na chumba kizima kikashusha pumzi kwa kustaajabu. Hajawahi kuwa mwepesi hivyo. Kurihashi alitikisa kichwa mara moja kukubali. Nilimwona Kanoko akishuka: aliuweka mguu wa kulia kwanza.

Novemba 2. Mvua yenye theluji ndani yake.

Naandika nikiwa bado na koti lililolowa, kwa sababu nikilivua nitakaa chini na nikikaa chini sitaandika.

Mbio ni za kupokezana, wasichana watano, barabara ya kati ya bonde. Wanachopokezana ni utepe wa kitambaa unaovaliwa mshazari kutoka begani, umeloa jasho la kila aliyeuvaa. Ukisimama njiani, utepe umekufa na watano wote wamekufa nao. Ndiyo maana husikii mtu akisema "nilikimbia". Wanasema "niliufikisha".

Kanoko alipewa kipande cha kwanza, kirefu kuliko vyote. Mimi niliwekwa na taulo mahali pa kupokezana pa kwanza, mbele ya duka la vifaa vya kilimo, pamoja na Chinatsu aliyepewa kipande cha pili. Alikuwa anaruka-ruka kupasha mwili, pumzi yake mvuke.

"Mwili unasema nini?" nikamwuliza.

"Unaogopa, Mwalimu. Ila kisigino kimenyamaza."

"Hilo ni jibu zuri."

Kwenye redio ya mwamuzi tukasikia: Iwase anaongoza. Umati ukapiga makofi. Chinatsu akavua koti, akanipa, akaingia mstarini. Kisha tukamwona Kanoko akitokea kwenye kona, yuko peke yake mbele, utepe mwekundu kifuani, na kwa pumzi mbili hivi alikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona barabarani.

Halafu mguu wa kushoto ukakataa.

Sikusikia mlio. Wengine wanasema waliusikia. Alikwenda chini, mikono mbele, akainuka papo hapo. Akaruka kwa mguu mmoja. Akaanguka. Akainuka. Msichana wa shule nyingine akampita, kisha wa pili. Mahali pa kupokezana palikuwa karibu kiasi kwamba niliona mvua kwenye kope zake.

Na watu wakapiga makofi. Hilo nitaliandika hata kama nitachukiwa mji mzima. Wazee, akina mama wenye miavuli, watoto wa chekechea na vibendera vya karatasi, wote kwa pamoja: "Jikaze! Jikaze! Bado kidogo!" Mwanamke mmoja alikuwa analia kwa furaha. Walidhani wanaona ushujaa.

Mwamuzi aliinua bendera nusu, akaishusha, akachukua simu. Sheria inasema mtu mzima yeyote akimgusa mkimbiaji, shule imetoka. Kwa hiyo hakuna anayegusa bila ruhusa ya kocha. Simu ilikuwa na sauti kubwa. Nikamsikia Kurihashi, sauti inatetemeka: "Umbali gani umebaki? ... Basi anaweza. Namjua. Mwacheni aufikishe. Tafadhali, msimguse."

Chinatsu alikuwa amenyoosha mkono kupokea, kama alivyofundishwa, vidole wazi, na machozi yanamtiririka. "Dada, simama," alikuwa anasema. "Dada Kanoko, simama." Lakini mkono hakuushusha.

Nikapita chini ya kamba.

Sikukimbia, nina magoti ya mwanamke wa makamo. Nilitembea katikati ya barabara, nikamshika mabegani kwa mikono miwili mbele ya watu wote. Alikuwa mwepesi kama nguo iliyoanikwa.

"Niko sawa," akasema.

"Kanoko, imekwisha."

"Niko sawa. Niko sawa. Niachie, Mwalimu, niko sawa." Alikuwa ananisukuma, na mguu ule ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Makofi yakakoma. Nikasikia mvua ikipiga miavuli. Kisha mwanamume mmoja nyuma ya kamba akasema, wala hakuipaza sauti: "Lo, ameharibu."

Alimaanisha mimi.

Novemba 3

Daktari Sugaya aliweka picha kwenye taa. Mfupa wa muundi umevunjika pale ambapo ufa wa zamani ulikuwa ukimngoja. Kuna ufa mwingine mguu wa kulia, na mwingine kwenye nyonga. "Ningeletewa picha hii bila jina," akasema, "ningeuliza bibi huyu ana miaka sabini au themanini."

Mama yake Kanoko hakulia. Aliuliza kama mtu wa Osaka alikuwa amekuja.

Novemba 4

Wenzake walikwenda hospitali wakiwa na sare kamili. Kanoko akaomba wamketishe. Akiwa na mguu umening'inizwa, akainamisha kichwa mpaka kikagusa shuka. "Nimewasumbua wote. Nimeukata utepe. Sina neno la kusema."

Wakamjibu kwa pamoja kwamba si kitu, na wote walikuwa wanalia, na hakuna aliyesema kwamba mtoto aliyevunjika mguu hana deni la radhi kwa mtu yeyote. Nilisema mimi. Nilisema kwa sauti. Wakageuka wakanitazama kama mtu aliyeingia na viatu kwenye mkeka.

Walipotoka, Kanoko akaniambia, macho yakiwa dirishani: "Kwa nini ulinigusa?"

"Kwa sababu hukuwa sawa."

"Ningeufikisha."

Sijui kama atawahi kunisamehe. Naweza kuishi na hilo. Nisichoweza kuishi nacho ni alichokisema muuguzi mlangoni: jambo la kwanza alilouliza Kanoko usingizi wa dawa ulipomtoka ni kama wodi ina mizani.

Novemba 6

Mama yake Kanoko amekwenda nyumba kwa nyumba, kwa wazazi wa klabu nzima, na visanduku vya keki za maharage vilivyofungwa kwa karatasi rasmi, kuomba radhi kwa usumbufu uliosababishwa na binti yake. Binti bado yuko kitandani. Jioni akafika kwangu. Nikamwambia sichukui sanduku lolote, aingie anywe chai. Hakuingia. Aliinama pale mlangoni, sanduku mikononi, na alipoinuka akasema kwa sauti ndogo sana:

"Nilikuwa ng'ambo ya barabara, Mwalimu. Nilikuwa na kibendera. Nilimwona akianguka nikapiga makofi."

Nikachukua sanduku. Ningefanya nini?

Novemba 9

Bwana Onodera anataka niandike maelezo ya "kitendo cha ghafla kilichoiondoa shule". Nimemwandikia kurasa nyingi. Neno "samahani" halimo. Kitambaa cha Kyoto kimeshushwa kimyakimya siku ya mapumziko.

Novemba 12

Kurihashi ameambiwa akae nyumbani mpaka mwisho wa mwaka wa shule. Nilimkuta hospitali, amesimama kwenye korido, kofia mkononi, karibu na mlango ambao hakuuingia. Muuguzi akasema husimama hapo kila siku kisha huondoka.

"Nimeziona picha," akaniambia. "Daktari amenionyesha." Akaigeuza kofia mkononi. "Nawapenda watoto wale, Mwalimu Tadokoro."

"Najua."

"Niliamini."

"Najua. Ndilo linalonitisha."

Nilitaka kuongeza mengi. Nilikuwa nimeyatayarisha kwa majuma mengi na yalikuwa makali na ya kweli. Alikuwa amekonda sana. Nikayameza.

Novemba 15

Hakuna mazoezi kwa amri ya shule. Kimya.

Novemba 21. Theluji ya kwanza.

Mazoezi mepesi yameruhusiwa tena, kwa hiari, chini yangu mimi hadi apatikane kocha mwingine. Niliwaambia waje wakati wowote asubuhi, au wasije, watembee tu kama wanapenda. Nilikwenda saa kumi na mbili kuwasha hita.

Taa ya chumba cha klabu ilikuwa imewaka. Nikasimama nje ya mlango uliofunguliwa kidogo.

Kiti cha kukunja kilikuwa mahali pake. Hakuna aliyekikalia. Mizani mbele yake. Wasichana wamepanga foleni, viatu mkononi. Mmoja anapanda, anataja uzito, anashuka, anakiinamia kiti. "Niko sawa, Kocha. Nipe kazi." Anayefuata. "Niko sawa, Kocha. Nipe kazi." Mmoja alikuwa ameongezeka. Hakuna aliyemwambia neno. Akaenda mwenyewe ukutani, akachukua koti la mvua, akaanza kulivaa.

Hakuna aliyewatuma. Hakuna aliyewatazama. Mlinzi hakuwa amesinzia tu, alikuwa ameondolewa.

Zoea ni kile mtoto anachokifanya kocha akiwa hayupo. Niliyaandika hayo mwenyewe Agosti, kwa wino, nikiomba nibanwe nayo. Basi nimebanwa. Nilisema woga haudumu. Nilikosea. Kurihashi alisema kweli: aliwarudishia mazoea ya maisha yote.

Zamu ya Chinatsu ikafika. Akaitazama mizani. Akakitazama kiti. Mashavu yake si yale ya Septemba. Nikaona goti likipanda.

Akalishusha. Akaketi sakafuni, akavua soksi.

"Kisigino kinauma," akakiambia kiti. "Leo sikimbii."

Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemsogelea. Msichana mwenye koti alisimama na mkono mmoja ndani na mmoja nje, na sijui angefanya nini, kwa sababu hapo niliusukuma mlango, nikaichukua mizani, nikaitupa nje kwenye theluji. Ilizama bila kelele.

Hilo halitoshi. Najua halitoshi, kwa sababu jioni hii mmoja wao ameniambia kwamba nyumbani wote wanayo nyingine.

Kwa hiyo haya nitayasoma kwa sauti, kurasa zote, kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili, mwezi wa Aprili, mwaka wa shule ukianza, kocha mpya atakapowakusanya. Nasema nanyi, wazazi mnaotaka kumleta binti kwenye klabu hii. Kocha akianza kuwasifia mazoea ya maisha yote, msiiname. Simameni mmwulize: mazoea gani? Kisha rudini nyumbani, toeni mizani bafuni kabla binti hajaoga, mketi naye mezani, mmwulize mwili wake unasema nini. Akiwajibu kwamba yuko sawa, msinyanyuke hapo. Kaeni. Mwulizeni tena.